Nani Huamka Usiku

Februari, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sufuri.
Dirisha limeota manyoya ya barafu kwa ndani,
na sisi mezani tunachagua Julai.

Halyna amechora jedwali. Safu ya bei, safu ya umbali,
safu ya chakula: wanapewa, au tunafunga wenyewe?
Kijani ni ndiyo, njano ni labda,
nyekundu ni ile ya kupanda farasi
ambayo kwa wiki moja ingemeza matairi manne ya gari.

Usajili unafunguliwa Jumanne, saa moja kamili asubuhi.
Jirani yetu Mirjana mwaka jana
alikuwa bado anatafuta kadi ya matibabu ya mtoto
nafasi zikayeyuka kama siagi kikaangoni.
Mwaka huu ataketi na simu mbili na kompyuta ya dada yake.

Kuna kambi ya roboti. Kuna ya violini.
Kuna ya wapelelezi wadogo, ya sarakasi,
ya Kiukreni cha bibi zetu, na pirogi kila Ijumaa.
Moja inaahidi, kwa herufi nene, UONGOZI,
kwa watoto wa miaka sita.
Levko ana miaka sita.
Jana aliiongoza soksi yake hadi tundu la choo.

Kalyna ana tisa na ameshakata shauri: mitumbwi,
mahema, wiki nzima ziwani, kulala huko huko.
Levko anataka popote aendapo dada yake,
ila likitajwa neno kulala
anaangalia kijiko.

Mchagua nazi hupata koroma.
Nami ninazo kumi na saba mbele yangu,
nazitikisa moja moja sikioni
nisikie kama maji yanacheza.

Nilikuwa na miaka saba nilipopelekwa.
Palikuwa na mnara wa kurukia majini, na mishale,
na farasi kipofu aitwaye Biskuti.
Nilijifunza fundo moja. Nimelisahau.
Usiku wa pili nikakojoa kitandani.
Nikalala juu ya ule ubichi, macho kodo,
wavulana kumi na mmoja wakipumua gizani,
nikingoja kupambazuke niitwe kikojozi.

Mara tochi, imezibwa kwa kiganja,
vidole vyekundu kama makaa.
Garnet. Miaka kumi na tisa, chunusi, kiongozi wetu.
Hakuuliza. Alinipa suruali kavu,
akakunja mashuka, akageuza godoro, akaenda.
Asubuhi akatangaza mbele ya uji:
"Jamani, jana nilimwagia maji kitanda cha Bohdan. Mkono wangu mbovu."
Wakamzomea yeye.
Wakamzomea wiki nzima.

Halyna hajui. Miaka kumi na mbili ya ndoa, hajui.

Jumatatu, kabla ya zamu yangu karakana ya mabasi,
nikapiga simu na swali ambalo jedwali halina safu yake:
"Usiku, nani huamka?"

Kambi ya kwanza ikanisomea kanuni.
Ya pili ikasema watoto huchoka, hulala fofofo.
Ya tatu alipokea mama mwenye mafua;
akanyamaza, nikasikia kiti kikilia.
"Mimi," akasema. "Saa sita, na tena saa tisa. Kwani mwanao ana tatizo?"
"Hapana," nikasema. "Ni mimi."
Hakucheka.

Jumanne, saa moja na dakika tatu:
Kalyna amepata.
Levko ni wa tano katika orodha ya kungoja.
"Yaani waugue watoto wangapi ndipo niende?"
"Watano."
Akachovya mkate kwenye maziwa, akafikiri.
"Watano ni wengi?"
Nje, jirani alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
kwaru, kwaru, bila haraka.
Ni wengi, nikamwambia.
Akaumeza mkate wote kwa mkupuo.