Toleo la Kiboriloni

Gitaa la Ndekirwa lina nyuzi tano,
wa sita ulikatika siku ya ubarikio wa Haika
na haukurudi. Hata hivyo
akikwaruza zile nota nne za mwanzo
Kiboriloni nzima inajua: ule wa wazungu, wa kelele,
ambao mwimbaji analia kama aliyebanwa kidole na mlango.

Ila Ndekirwa Kiingereza chake hakijui.
Palipokuwa na moto akatia mkungu wa ndizi.
Palipokuwa na malaika akatia bwana afya
anayekagua vyoo na kuondoka na kuku.
Na pale pa kupaaza sauti
hadi mishipa ya shingo isimame,
tunaitikia: mita inazunguka, maji hayatoki!

Wapagazi waliposhuka mlimani, miguu imevimba,
wakaongeza ubeti wao:
kiti cha choo kilichopanda hadi kambi ya tatu
kichwani mwa Eliakunda, kwa heshima zote.
Mwenye kiti alikuwapo usiku huo.
Akapiga makofi. Akalia kidogo.
Akasema ni wimbo wa ujana wake, wa marehemu mkewe.
Eliakunda akaacha kucheka,
akamsogezea benchi.

Juzi redio ya kinyozi ikaupiga wenyewe, halisi,
ngoma zote, nyuzi zote sita.
Aikande, miaka saba, kanyolewa nusu kichwa,
akasikiliza hadi mwisho, akakunja uso:
"Huyu naye! Sauti anayo,
lakini maneno kakosea."