Pakia

Saa saba usiku, Kirumba. Umeme umerudi
na friji ya jirani inakohoa kabla ya kunguruma.
Nje ya dirisha, jiwe letu, lile lililobeba choo na nusu ya ukuta,
bado lina joto la mchana. Paka amelilalia.
Ziwa silioni. Linaniletea harufu tu:
dagaa, tope, mafuta ya injini.

Nafungua kisaka-hitilafu.
Ni chombo hodari, ila hakijui mwalo.
Nikikiuliza mzani umesoma nini
kinanitajia sifuri na moja, na anwani za kumbukumbu,
kama karani mgeni anayekusomea namba za noti
badala ya kukwambia ni shilingi ngapi.

Basi nakifundisha. Faili dogo, mistari arobaini.
Funksheni ya kwanza: hizi biti zigeuze ziwe kilo.
Ya pili: nionyeshe tenga moja moja,
mwenye samaki ni nani, barafu kiasi gani,
uzito na tenga, uzito bila tenga.
Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi:
pita, pita, usinisumbue, pita,
ila kilo zikipungua na mzani haujaguswa
simama hapo hapo, kanyaga, niite.

Hiyo ya tatu niliikosea jina.
Nikaandika: mafuru.

Mafuru Bwire alikaa kwenye mzani ule miaka sita,
kalamu sikioni, kovu la mwiba wa sangara kiganjani.
Alhamisi moja Mama Nyabise akapiga yowe:
kilo nne zangu! Nani kala kilo nne zangu?
Alhamisi iliyofuata, Lugwisha. Kilo nne.
Nikaitwa ofisini, mimi na shati langu la kampuni,
nikasema programu haina mikono ya kuibia.
Nilisema hivyo. Watu wakacheka.
Tukampakazia wizi kabla chai haijapoa.

Kila ninapokifunga chombo hiki kinasahau masomo yote.
Kila ninapokifungua naandika upya:
pakia mafuru.
Usiku wa tatu huu, na kule chini vijana
nao wanapakia, magunia juu ya fuso, wakihesabu kwa Kisukuma.
Pakia. Pakazia. Kulwa na Doto,
ila mmoja hubeba mzigo
na mwenzake humtwika mtu.

Nachomoa waya ukutani. Nahesabu hadi nane. Narudisha.
Naiga umeme wetu wa Alhamisi.
Pita, pita,
pita.
Mshale umesimama.

Mstari wa mia mbili kumi na saba.
Umeme ukikatika, programu inazinduka
haikumbuki kama ilishatoa uzito wa tenga;
inatoa tena.
Tenga tupu lina kilo ngapi? Naijua,
nililipima mwenyewe, Mafuru akinishikia daftari.
Nne.

Pembeni mwa mstari kuna jina la aliyeuandika.
Nalitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mwizi
akakuta ni pasipoti yake.

Kurekebisha kumechukua dakika tano. Hata sita hazikufika.
Nimejaribu tena, nimechomoa, nimerudisha:
tenga limetolewa mara moja, kilo zimetulia.
Ile funksheni nimeiacha ilivyo. Jina sijalibadilisha.

Wanasema siku hizi anagonga kokoto kule Mabatini,
juu, ambako bodaboda hukushusha ukamalizia kwa magoti.
Nimechapisha karatasi mbili: matenga, tarehe, saa za giza.
Nitapanda kabla jua halijachoma mawe.
Nikibisha hodi atauliza nani,
na hapo sina faili la kupakia;
itabidi niseme mwenyewe,
mstari kwa mstari,
na yeye ndiye atakayeamua pa kusimama.