Wakia Moja, Kopo Moja

Miaka thelathini na mmoja nimesimama nyuma ya kaunta hii,
Ulverston, kwenye mtaa unaoteremka hadi sokoni,
mimi, Muriel Postlethwaite, nisiyewahi kuvuta,
nikipima moshi wa watu kabla haujawa moshi.

Mizani yangu ni ya shaba. Haina vina.
Haijui tamu wala chungu; inajua wakia.

Rafu ya kushoto: tumbaku ya kamba,
nyeusi, nene kama kidole gumba cha mchimba mawe,
iliyosokotwa, ikapakwa mafuta, ikapikwa
hadi ikasahau kuwa iliwahi kuwa jani.
Naikata kwa kisu, tuk, tuk,
peni thelathini na nane kwa wakia.
Wanaoinunua hawaisifu. Husema tu, "Inakaa."
Kiko kimoja, kutoka chai ya saa nne
mpaka king'ora cha mchana machimboni.

Rafu ya kulia: vibamba ndani ya kopo la bati,
rangi ya asali iliyosahauliwa dirishani,
vimelala kama barua ndani ya karatasi nyeupe,
vinanukia jerania, lozi,
na sabuni ya shangazi mwenye pesa.
Pauni moja na peni kumi, na kopo halifiki hata wakia mbili.
Daktari Fothergill huvifikicha kiganjani bila haraka.
Kuna nyasi kavu humu, asema, halafu ndimu,
halafu kitu ambacho jina lake limempotea.
Huwasha mara sita kabla moto haujashika,
nami nahesabu njiti zake. Hizo nazo ni pesa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
dukani kwangu hakuna kilichotembea.

Jos Dockray alikuja kila Ijumaa, vumbi la mawe nyusini.
Angeliangalia kopo, angeuliza bei
kama anayeuliza hali ya mgonjwa asiyemhusu,
angesema, "Mh,"
kisha angenunua kamba.
Miaka kumi na tisa ya "Mh."

Novemba aliingia uso umemparara.
Mapafu, alisema. Daktari amempiga marufuku,
daktari huyohuyo, koti lake likinukia jerania.
Akamwaga sarafu kaunta, nyingi za shaba,
zikafika pauni moja na peni kumi kamili.
"Nipe kopo."
"Jos, si umekatazwa?"
"Ndiyo sababu. Nilipokuwa navuta lingeisha Jumapili.
Sasa sivuti, naweza kulimudu."

Usiku ule nilifunga mlango, nikateremsha pazia,
nikachukua kiko cha udongo cha maonyesho dirishani.
Nilikuwa nimechoka kuuza nisichokijua.

Kamba kwanza. Ilinishika kooni kama mdai.
Lami, siki, tini zilizooza kidogo,
ulimi ukawaka, macho yakatoka maji;
lakini chini kabisa palikuwa na utamu,
ule wa ukoko wa jemu iliyoungua,
ambao hupewi, unaukwangua.

Kisha vibamba. Viliingia kwa adabu, kama mgeni wa kwanza,
vikasifu kila kitu, vikakaa,
na kabla sijazoea vikaanza kuaga.
Mwishoni sabuni tupu. Nikawasha tena. Sabuni.
Nikatamani tena ule mwanzo.

Kichwa kilizunguka. Nikaketi juu ya kreti la viazi
karibu na paka, ambaye aliondoka.
Nilitaka kuamua. Nikashindwa hata kusimama.

Ijumaa iliyofuata Jos alikuja kwa mazoea tu,
akasimama upande wa kushoto,
akakumbuka, akahamia kulia,
akakumbuka tena, akabaki katikati.

"Kopo vipi?" nikamuuliza.
"Lipo kwenye droo ya fulana. Nimelifungua kidogo tu."
"Na?"
Akajinusa kola, akafikiri kwa muda mrefu,
mtu aliyelipa pauni moja na peni kumi
na anayetaka kusema haki.

"Nanuka kama daktari," akasema.

Nikacheka hadi mizani ikatikisika.