Siku Kumi na Tisa

Waheshimiwa,
jina langu ni Dewitt Haskew, namba iko juu ya bahasha.
Naandika kwa mkono. Mashine ya maktaba
imekatika herufi A,
na bila A siwezi kuandika haki, wala rufaa,
wala Alma, jina la mama yangu.

Mmeniambia nimechelewa.
Ni kweli, sikatai.
Tangu ile karatasi ilipofichuka sheria ilinipa mwaka,
siku mia tatu sitini na tano,
nami nikabisha hodi siku ya mia tatu themanini na nne.
Wahenga walisema kawia ufike.
Nimekawia, nimefika, na mlango unaniuliza
nimekawia kiasi gani.
Haujaniuliza nimebeba nini.

Basi tuhesabu pamoja.

Siku sita zilikwenda na barua.
Wakili wangu, Bwana Pruett wa Ardmore,
aliituma kwenye bloku niliyohamishwa tangu msimu wa pamba.
Ikalala juu ya kabati la afande
chini ya kikombe. Bahasha ninayo.
Duara la kahawa lingali pale,
kama muhuri wa ofisi nisiyoijua.

Siku kumi na moja tulifungiwa.
Mtu alichomwa kisu jikoni; sikuchoma, sikuchomwa,
lakini deni la damu tulilipa sote:
maktaba hakuna, kuoga hakuna, karatasi hakuna,
mkate na siagi ya karanga kupitia tundu la mlango.
Usiku nilikariri hoja zangu kwa sauti
hadi Lonnie Burkhalter, wa kitanda cha juu,
akazijua kunishinda.
"Ya tatu umeiruka," alisema gizani.
"Yule mtu wa kituo cha mafuta."

Hizo ni kumi na saba.

Mbili zilizobaki sina cha kuziombea.
Dada yangu Oleta alizikwa Jumanne.
Sikuruhusiwa kwenda. Niliutazama ukuta
Jumanne kutwa, na Jumatano.
Kama sheria ina jina la siku za namna hiyo
mimi sijalikuta vitabuni, na vitabu nimevisoma,
hata vile vilivyochanwa kurasa.

Sasa niruhusuni swali.
Karatasi ya polisi, maneno ya kwanza ya shahidi,
kwamba aliyekimbia alikuwa mfupi, bunduki mkono wa kushoto
(mimi ni futi sita na inchi mbili,
na kalamu hii naishika kwa kulia),
ilikaa katika droo ya kaunti miaka ishirini na mmoja.
Nani aliigongea muhuri mwekundu?
Nani aliiambia droo: umechelewa?

Lango liacheni kwanza.
Fungueni bahasha.

Wenu,
D. Haskew

*

Nyuma ya nakala yangu, kwa penseli:

Ijumaa. Upepo unapiga mabati,
vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi.
Vitabu vyasema barua ya mfungwa imefika mahakamani
dakika ile anapoitia mkononi mwa askari.
Afande Stovall ameipokea tunduni.
Nikamwomba aandike saa.
Mkononi hana saa. Akageuka akaitazama ya ukutani,
ile iliyokufa Januari, barafu ilipokata umeme.
Saa kumi na dakika saba.
Ilisema hivyo asubuhi tukinywa uji wa shayiri.
Itasema hivyo kesho.

Lonnie alicheka hadi akakohoa.
Maana tumesoma, yeye na mimi, ukurasa kwa ukurasa,
kwamba kwa sababu nzito sana
saa ya sheria yaweza kusimamishwa,
tukadhani ni maneno tu,
na kumbe iliyosimama ipo, hapa koridoni,
hatua kumi kutoka kitandani kwangu.

Afande ameandika: saa kumi na dakika saba.
Ametia sahihi.