Swichi ya Arobaini na Moja

Kajaani, Januari. Jua huchelewa kazini mpaka saa nne.
Hapa palikuwa kiwanda cha karatasi.
Baba yake Tuulikki aliacha kidole humu,
kati ya magogo mawili ya chuma,
na harufu ya msonobari uliochemshwa bado imejibanza ukutani
ingawa kinachosagwa siku hizi ni namba.

Usiku huu zimeletwa swichi arobaini na nane,
zimeviringishwa plastiki kama mikate.
Anazipachika kabatini moja moja,
skrubu, umeme, kebo ya mtandao,
kisha anarudi nyuma hatua mbili.

Hazijui lolote.
Kila moja inaamka, inapaza sauti kwa yeyote aliye gizani:
Mimi nani? Niko wapi? Nani atanipa jina?
Na kidhibiti, kisicho na sura,
pengine kiko chumba cha pili, pengine Turku,
kinasoma namba iliyochapwa tumboni mwake, kinajibu:
Wewe ni wa safu ya tatu. Anwani yako hii.
Sheria zako hizi.
Hapa mgeni hangojewi siku mbili;
sekunde ya tatu keshapewa jembe.

Zamani Veijo alizikalia kitako, kompyuta mapajani,
akiandika amri kwa vidole viwili,
na kila swichi ikarithi tabia zake, na makosa yake.
"Ile ya ghorofani niliinyima nukta moja,
ikawa kiziwi siku tatu."
Aliisimulia kama mzazi.
Amestaafu Oktoba. Kikombe chake kipo.

Saa tisa usiku, arobaini na saba ni kijani.
Ya arobaini na moja inaita, inaita.
Kidhibiti kinaandika: haipo.

Ipo. Ameigusa, ina joto.

Haandiki amri. Anapiga magoti kwenye sakafu ya baridi,
anaifuata kebo kwa kupapasa, kama mtu atafutaye mshipa,
hadi kichwani mwake,
anaisukuma kidogo, unene wa ukucha,
mpaka ikalia: ta.

Sekunde moja. Mbili.
Kijani.

Kidhibiti hakikuuliza ilikuwa wapi.
Tuulikki anakitazama kidole chake cha shahada,
kile kile ambacho baba yake hana,
anakipuliza,
anaanza kuokota plastiki.