Kubadilisha Vyombo, Novemba

Thibodeau alinionya: usikisukume chombo,
sogeza trekta.
Nimesukuma. Goti langu shahidi.

Kifyekeo kimeshushwa juu ya mbao,
visu vingali na nyasi za Agosti.
Sasa ni zamu ya kipuliza theluji;
hapa Houlton, kaskazini mwa Maine,
mawingu yameketi kama mdai mlangoni.

Mkono wa kushoto wa trekta umeingia.
Wa kulia umepungukiwa upana wa ukucha.
Cha mvunguni hiki, nimeinama,
nimelala kabisa kwenye kokoto za baridi,
na bado pini inalikataa tundu lake.

Napanda. Kinyumenyume, kidogo. Nashuka.
Napanda. Mbele, pumzi moja. Nashuka.
Mara ya sita: ko!
Sauti ndogo, kama ya mtu anayekubali kosa.

Mkono wa juu nauzungusha mpaka chombo kisimame wima.
Shafti naitia grisi, naivuta nione kama imeshika.
Imeshika.

Kwenye kopo la pini, mwandiko wa Bahizire kwa chaki:
*Za akiba. Usiazime.*
Nimeazima moja.
Chembe ya kwanza ya theluji imetua kwenye glavu,
na sijawasha.