Nyuma ya Goti

Mama humbandua kupe kwa ukucha,
humbana juu ya jiwe la kunolea panga, pwaa,
hufuta kidole kwenye leso
na kuendelea kumkamua Akiba.

Hivyo ndivyo tulivyokua, huku Amukura.
Kupe wa kijivu, walionona kama mbegu za mbono,
tuliwatupia kuku.
Ila yule mwenye koti la madoadoa ya shaba
mimi nilimwona mzuri,
nikamtia kwenye kibiriti, nikampeleka shule.

Josho lilikauka mwaka ule mhazini alipohama.
Saruji bado inanuka dawa.
Dawa haipo.

Mwezi wa nne, Baba Mdogo Ekisa akaanza kutetemeka.
Zahanati wakamdunga kidole: malaria hakuna.
Wakampa dawa ya malaria.
Juma la pili kidole tena, hakuna tena,
wakampa iliyobaki.
Alilia kichwa, yeye,
mtu aliyeshonwa paja bila ganzi
huku akiuliza bei ya muhogo.
Jirani wakataja shemeji, wakataja wivu,
wakataja shamba la mpakani.

Tukauza mbuzi wawili, tukafika Busia.
Daktari mwanafunzi, Nabwire, viatu vimejaa tope,
hakuuliza habari za kichwa.
Aliuliza, "Mnafuga nini?"
Kisha, "Na huyu analala wapi?"

Zizini, tukasema. Msimu huu wezi wanavuka usiku.

Akamkunja suruali.
Nyuma ya goti, mahali ambapo mtu hajioni,
palikuwa na kidonda kidogo, cheusi katikati,
kana kwamba mtu alizimia sigara pale.

Vidonge vya siku saba.
Siku ya tatu akaitisha ugali wa wimbi
na kulalamika kuwa mboga haina chumvi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Nguo ya Ekisa ilikuwa blanketi,
na blanketi lilishinda kwenye mgongo wa Akiba
nyakati za baridi, kwa huruma tu.

Sasa Mama huvaa mfuko wa mkate mkononi.
Akiba hugeuza shingo, humtazama,
kama anayeuliza wamekosania nini.

Juzi, nikifagia darini, nikakiona kibiriti.
Sikukifungua. Nilikitikisa tu.
Kikajibu.